Gari jeusi la miezi mitatu limejaa mikwaruzo: je, rangi ya kiwandani ni mbovu?

Shikamoo Fundi,

Nakuandikia nikiwa na uchungu ambao watu wa nyumbani wanaona umezidi jambo lenyewe. Niliweka akiba miaka tisa ili ninunue gari jipya kabisa, ambalo halijawahi kuendeshwa na mtu mwingine. Nikalipata, jeusi tii. Siku ya kwanza nilijitazama kwenye boneti nikajiona kama kwenye kioo. Hiyo ni miezi mitatu iliyopita.

Wiki jana nilisimama kujaza mafuta usiku. Taa za kituo zilipomulika boneti nikaona mistari myembamba, duara ndani ya duara, kama utando wa buibui uliotandwa juu ya rangi. Asubuhi nikalitoa juani: paa, milango, buti, kote hali ni hiyo. Halijagongwa wala kukwaruzwa na mtu. Mdogo wangu wa kiume, ninayeishi naye, huamka kabla yangu kila siku akalipangusa vumbi kwa kitambaa laini cha pamba. Jumamosi huliosha kwa ndoo, sponji na sabuni ya unga. Sikumwomba afanye hivyo. Anafurahi kuona dada yake anatoka nyumbani na gari linalong'aa. Kwa hiyo nimeanza kuamini kuwa rangi ilikuwa mbovu tangu kiwandani, na nafikiria kulirudisha kwa aliyeniuzia.

Kuna jambo la pili. Nilisafiri siku mbili nikaliacha nje, ndege akachafua paa. Niliporudi uchafu ulikuwa umekauka, nikausugua ukatoka, lakini pamebaki doa lililofifia lenye ukingo kama ramani. Kila nikiosha, doa lipo.

Ushauri ninaopewa unanichanganya. Mjomba anasema nisipake nta mpaka miezi sita ipite, rangi ikomae kwanza. Jirani hupangusa gari lake kwa kitambaa chenye dizeli na kweli linang'aa. Aliyeniuzia gari amenipigia simu mara mbili akinishawishi kupaka seramiki, ile kinga ya kimiminika inayogandia juu ya rangi, anasema nikishapaka sitahangaika tena na mikwaruzo wala kuosha. Nimsikilize nani?

Mwenye gari jeusi

*

Marahaba, mwanangu.

Usilirudishe gari. Kwa unavyoeleza, rangi yake haina kasoro ya kiwandani. Kilichochora ile mistari ni kitambaa cha kila asubuhi, kikisaidiwa na sponji ya Jumamosi. Najua jibu hili litakuuma kwa ajili ya mdogo wako. Nitarudi kwake mwishoni, maana nimesoma barua yako mara mbili na naona yeye ndiye mwenye ufunguo wa jambo hili.

Rangi ya gari ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu ya praima ndiyo rangi yenyewe unayoiona, na juu kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi ambalo sisi mafundi tunaliita klia. Yote hayo kwa pamoja ni karibu unene wa karatasi ya kuandikia. Klia peke yake kwa kawaida ni kama milimita 0.04 au 0.05, yaani haifikii unene wa unywele mmoja. Kile kioo ulichojitazama siku ya kwanza kimo ndani ya unene huo, na hakioti tena kikishaliwa.

Sasa fikiria vumbi. Kwa macho ni unga tu, lakini ndani yake mna chembe za mchanga, na mchanga ni jiwe. Jiwe hilo ni gumu kuliko klia. Kitambaa cha mdogo wako kinaweza kuwa laini kiasi cha kumfunika mtoto mchanga, lakini kikipitishwa juu ya vumbi kavu kinazikokota zile chembe kutoka mwanzo wa boneti hadi mwisho. Wakati huo kinafanya kazi ya msasa. Fanya hesabu: kila asubuhi, miezi mitatu. Gari lako limepigwa msasa mwepesi mara tisini hivi.

Kuhusu maduara, usidhani kijana alikuwa anazungusha mkono. Mikwaruzo ile imekwenda kila upande bila mpangilio. Macho yako yanaiokota ile tu iliyokingama mbele ya mwanga, nayo ndiyo inayojipanga kuwa duara kuizunguka taa. Usiku chukua tochi, imulike boneti kisha isogeze taratibu. Utaona duara linaifuata tochi popote iendapo. Na weusi wa gari lako haukuifanya rangi iwe dhaifu, umeionyesha mikwaruzo tu. Magari mengi meupe unayoyaona barabarani yana utando huohuo, ila nyeupe inauficha.

Kwa hiyo la kwanza, na ningekuwa na nafasi ya kukuambia moja tu ningekuambia hili: kuanzia kesho gari lisiguswe likiwa kavu. Vumbi likikaa wiki nzima juu ya rangi bila kusuguliwa halidhuru kitu. Likikukera sana, limwagie maji kwa mpira kuanzia juu, uliache likauke kivulini. Na turubai la kufunikia gari lina hatari ileile: ukilifunika gari lenye vumbi, upepo ukalichezesha turubai, utakuta mikwaruzo ambayo hakuna mkono wa mtu uliohusika.

Sasa tuje kwenye kuosha. Kazi hii inahitaji vitu vichache: ndoo mbili, na ya tatu kwa ajili ya magurudumu, shampuu iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi ya magari, glovu ya kuoshea yenye manyoya ya maikrofaiba, yaani nyuzi nyembamba sana za kutengenezwa, na taulo kubwa nene ya maikrofaiba ya kukaushia. Sponji iwekeni pembeni. Uso wake ni bapa, hivyo mchanga unabanwa kati yake na rangi bila pa kwenda; manyoya ya glovu yanaumeza ndani, ukabaki mbali na klia mpaka uoshwe.

Osha kivulini, bati likiwa limepoa kiasi kwamba unaweza kuweka kiganja na kukiacha. Kwenye bati la moto sabuni hukauka kabla hujaisuuza, na maji yenye chumvichumvi huacha madoa meupe ya kalisi ambayo baadaye hayatoki kwa maji tena. Anza na magurudumu, kwa ndoo yao na brashi yao, kwa sababu vumbi la breki limejaa chembe za chuma na halipaswi kukutana na kitu kitakachogusa boneti. Kisha mwagia gari lote maji mengi. Hapa watu huwa na haraka, nami nakusihi usiwe nayo: kila chembe inayoondoka kwa maji peke yake ni mkwaruzo mmoja ambao haukuzaliwa. Ukitumia mashine ya presha ni vizuri, mradi usimame mbali kidogo na utumie ncha inayotawanya maji. Usiielekeze karibu kwenye mipira ya madirisha wala mahali ambapo jiwe limeshaibanjua rangi.

Ndoo moja ina shampuu, ya pili ina maji matupu. Chovya glovu kwenye shampuu, pitisha juu ya paa kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, kisha kabla ya kurudi kwenye shampuu isuuze kwanza kwenye ndoo ya maji matupu, uikamue. Fanya hivyo kwa kila sehemu: paa, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, na mwisho kabisa sehemu za chini na mabampa, ambako ndiko mchanga ulikojaa. Mistari iliyonyooka haizuii mkwaruzo, lakini ukitokea unakuwa wa upande mmoja na hauonekani sana. Kukausha nako kuna adabu yake. Tandaza taulo juu ya bati, liache linywe maji, ulivute polepole au uliinue. Usisugue.

Vitambaa vya maikrofaiba vifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo huziba nyuzi zikaacha kunywa maji. Na kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, hata kama unaona hakijachafuka, kihamishie kwenye kazi ya rimu. Nimeona boneti nzuri ikichorwa mstari mrefu kwa kokoto moja iliyojificha kwenye kitambaa kilichookotwa sakafuni.

Sabuni ya unga acheni. Ina ukali wa alikali, imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na ukishapaka nta itaing'oa nta hiyo pia. Sabuni ya maji ya vyombo nayo huiondoa nta, ingawa ukiitumia mara moja gari haliharibiki. Dizeli ya jirani yako inang'aa kwa sababu ni mafuta. Ngozi yako nayo ukiipaka mafuta hung'aa. Lakini utando ule hukamata vumbi, vumbi hilo kesho linasuguliwa tena, na mafuta ya dizeli hulegeza mipira ya madirisha na milango. Msalimie jirani, mwambie aache.

Doa la ndege limeniuma zaidi ya mikwaruzo, kwa sababu lina haraka. Uchafu wa ndege una asidi. Jua linapoipasha klia joto, klia hutanuka na kulainika, asidi ikapata pa kuingilia. Jioni klia inapopoa husinyaa na kujikaza kufuata umbo la uchafu uliokaukia juu yake. Ndiyo maana doa lako lina ukingo kama ramani. Na uliposugua uchafu mkavu uliongeza mikwaruzo, kwa sababu ndani yake mara nyingi mna punje na mchanga. Siku nyingine tandaza kitambaa kilicholowa maji juu yake, kiache dakika kumi, kisha kiinue uchafu uondoke nacho, na usuuze. Weka kwenye buti chupa ya maji na vitambaa viwili safi kwa ajili hiyo tu. Wadudu waliogandia bampa la mbele wanahitaji uharaka huohuo. Utomvu wa miti nao usiukwangue kwa ukucha ukishakauka.

Kwa doa lililopo, pitisha ukucha taratibu juu yake. Kama ukucha haukwami, polishi laini ya kuondoa mikwaruzo, ikipakwa kwa mkono kwa uvumilivu, huenda ikalififisha au kulimaliza. Kama unakwama, usiguse. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kupimia unene wa rangi, apime kwanza ndipo aamue.

Hapo naomba nitofautishe maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Polishi hula. Ina chembe ndogondogo zinazopunguza klia kidogo mpaka kina cha mkwaruzo, na ndiyo maana mkwaruzo hutoweka. Nta hailiwi na klia wala haili klia. Inakaa juu yake. Mtu akikuambia atakupigia polishi, muulize ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu mitungi ya dukani nayo hutumia jina moja kwa vitu tofauti. Nilipokuwa bado kijana kwenye kazi hii niliwahi kupeleka mashine ya polishi kwenye ukingo wa mlango wa gari la mteja, ambako klia huwa nyembamba kuliko pengine. Sekunde chache zilitosha. Niliona rangi ikififia machoni pangu, na hakuna kilichoweza kuirudisha isipokuwa kupaka rangi mlango mzima. Mteja alinisamehe. Mimi tangu siku hiyo sijamruhusu mwanafunzi wangu ashike mashine kabla ya kupima na kubandika utepe kwenye kingo zote.

Kwa sababu hiyo sitaki ukimbilie kuondoa huo utando wa buibui leo. Ukiuondoa leo na kitambaa cha asubuhi kikaendelea, baada ya miezi mitatu utauondoa tena, na kila mara klia inapungua. Osha gari kwa njia niliyokueleza kwa miezi miwili, mpaka mkono umezoea. Kisha mtafute fundi mwangalifu apige polishi nyepesi mara moja, akianza na ile isiyo kali kuliko zote, na hapohapo uweke kinga.

Sasa mjomba wako. Ana haki, ila kwa gari lingine. Gari linalopakwa rangi gereji hukaushwa kwa joto dogo, na vimiminika vilivyomo kwenye rangi huendelea kutoka taratibu kwa wiki kadhaa. Ukiifunika kwa nta mapema unavizuia visitoke, na ndiyo sababu mafundi husema subiri siku 30 hadi 90. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi, kabla gari halijafungwa viti wala plastiki. Inatoka ikiwa imekomaa. Unaweza kuipaka nta siku ile ile unayolichukua. Siku ukigongwa mlango ukapakwa upya, hapo fuata neno la mjomba kwa mlango huo.

Kabla ya nta, baada ya kuosha na kukausha, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upapase boneti. Plastiki huongeza hisia za vidole. Utasikia vipele ambavyo macho hayavioni. Ni chembe za chuma na uchafu uliojichimbia. Vinaondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya bati lililoloweshwa vizuri. Udongo huo nao ukianguka chini, utupe. Nao huacha alama ndogo, hivyo fanya siku ileile utakayopigiwa polishi.

Nta yenyewe ipake nyembamba kiasi cha kukutia wasiwasi kwamba hujapaka. Nta nene hailindi zaidi, inakuchosha tu wakati wa kuiondoa. Fanya kivulini, sehemu moja baada ya nyingine, subiri ififie kama ukungu, uifute kwa kitambaa safi. Iepushe na plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, kwa kuwa hubaki na weupe unaochosha kuutoa. Nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inatoa mng'ao wa kina ambao kwenye gari jeusi mimi sijaona wa kuushinda, lakini hudumu wiki kadhaa mpaka miezi miwili au mitatu. Kinga za viwandani za polima huenda miezi minne hadi sita. Utajua imeisha pale maji yatakapoacha kujiviringisha kama shanga na kuanza kulala juu ya boneti.

Seramiki ni kitu kizuri, sikatai. Hujishika na klia, hudumu miaka, uchafu hautii mizizi na kuosha kunakuwa kwepesi. Lakini aliyekuambia hutaosha tena amekupotosha. Ni utando mwembamba mno. Haumzuii kijana mwenye kitambaa kikavu, hauzuii jiwe la barabarani, na uchafu wa ndege ukiachwa juani unaweza kuuchoma nao. Kubwa zaidi kwako: seramiki ikipakwa leo itafungia ndani utando wote wa buibui ulionao, na ili kuutoa itabidi kwanza uikwangue seramiki uliyoilipia. Akipiga simu tena muulize kama bei yake ina kazi ya kusahihisha rangi kwanza, yaani kuondoa mikwaruzo kwa polishi, na nani ataifanya. Jibu lake litakuambia kama ni mtu wa kufanya naye kazi. Ikiwa kinachokutisha ni mawe, kinga yake ni filamu angavu ya poliyurethani inayobandikwa kwenye pua ya gari na boneti. Unene wake unakaribia milimita 0.2, mkubwa kuliko rangi yako yote kwa pamoja.

Na mdogo wako. Usimwambie kwamba ameharibu gari. Kijana anayeamka kabla ya dada yake ili dada atoke aking'ara hakuna dukani. Jumamosi hii mpe glovu mpya na ndoo mbili, umwambie umejifunza njia nyingine na unataka muifanye pamoja. Mwache aoshe paa na boneti yeye mwenyewe, asuuze glovu kwenye maji matupu kila mara. Mkimaliza msimwage hayo maji. Yaacheni yatulie kama robo saa, kisha ayamwage polepole mpaka kibaki kile kilicholala chini ya ndoo, akiguse kwa vidole. Atajua mwenyewe kitambaa cha asubuhi kilikuwa kinakokota nini, na nadhani Jumamosi inayofuata ndiye atakayekukumbusha wewe usiliguse gari likiwa kavu.